Dole Gumba Si Ridhaa

Novemba, 2023, Uingereza ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuidhinisha tiba ya kurekebisha vinasaba kwa wagonjwa wa selimundu. Habari hiyo yatuhusu, kwani Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na ugonjwa huo. Huenda kesho watafiti wakabisha hodi Liuli, Mbamba Bay na Mbinga.

Hatupingi utafiti. Lakini mwaka 2018, huko China, mtaalamu He Jiankui alitangaza kuwa amebadili vinasaba vya watoto pacha kabla hawajazaliwa. Fomu walizopewa wazazi zilitaja mradi wa chanjo ya UKIMWI. Mwaka 2019 alihukumiwa kifungo cha miaka 3. Sahihi zilikuwapo, ridhaa ya kweli haikuwapo.

Kamati za maadili ya utafiti tunazo, lakini kazi yao isiishie ofisini. Mzazi Mmatengo au Mnyasa na aelezwe, kwa lugha aliyoizoea, kwamba kabla mtoto hajarudishiwa seli zilizorekebishwa hupewa dawa kali ziuazo uboho, ambazo zaweza kumnyima uzazi. Aelezwe pia kwamba akikataa hatanyimwa matibabu ya kawaida. Asiye na uwezo wa kukataa hajakubali.