Msaada wa koleti: muulizeni fundi kwanza

Ndugu wasikilizaji wa Kisangani, nanyi jamaa mliokimbia makwenu, leo nasema juu ya chuma, lakini habari yenyewe ni ya chakula cha watoto.

Kuna fundi mmoja aliyevuka mto na familia yake kutoka Lubunga, kwa sababu ya mapigano ya Wambole na Walengola. Ni mkerezaji wa chuma. Hapa mjini anakodi saa chache kwenye mashine ya mwenzake. Shirika moja lilimletea msaada: sanduku la koleti 18, kuanzia milimita 3 hadi 20, zinang'aa kabisa. Mpaka leo sanduku liko chini ya kitanda.

Kwa nini? Koleti ni pete ya chuma iliyopasuliwa, inayobana fimbo pande zote kama vidole. Lakini inahitaji kishikio chake. Walichomletea kina mkia wa koni unaoingia ndani ya tundu la mashine na kuliziba. Fimbo ndefu haipiti tena. Na mkia wenyewe haulingani na tundu la mashine ile. Aliyenunua hakuuliza. Alipiga picha, akaenda.

Wako wanaosema: koleti ni anasa, taya tatu zinatosha. Siyo kweli. Taya zilizochakaa zinayumbisha kazi na kuuma nyuzi za skrubu. Ukitoa ekseli ya toleka ukairudisha, haikai tena katikati. Koleti hushika sawasawa, na kubadili kipande ni haraka. Umeme ukija kwa saa chache tu, hiyo haraka ni mkate.

Basi tununue nini? Aina ya ER, iliyotoka kwa Rego-Fix ya Uswisi mwaka 1973, leo inatengenezwa na viwanda vingi, kwa hiyo unaweza kununua moja moja. Katika ER32, kila koleti hubana karibu milimita 1: ile ya 10 hushika kuanzia 9 hadi 10. Aina ya 5C ni nzuri, lakini kila moja hushika karibu kipimo chake tu, hivyo utahitaji nyingi. Chukua kishikio cha flanji, kinachofungwa kwa bolti mbele ya mashine na kuacha tundu wazi. Sahani ya kukifungia, fundi ataikereza mwenyewe. Kisha koleti 4 au 5 za kazi anayoifanya kila siku: ekseli za toleka, pini za helisi za mitumbwi ya motere. Siyo 18!

Na asiye na pesa? Achukue pete ya shaba, aifunge kwenye taya tatu, achonge tundu lake palepale kwa kipimo cha fimbo, atie alama mbele ya taya ya kwanza. Aitoe, aipasue upande mmoja kwa msumeno, airudishe kwenye alama, mpasuko ukiwa kati ya taya mbili. Imekuwa koleti.

Ninyi mnaoleta msaada, ulizeni maswali matatu kabla ya kununua: Mbele ya mashine pakoje? Tundu lake ni milimita ngapi? Unakereza nini kila siku? Maswali haya hayagharimu hata franka moja.

Nanyi mafundi mliokimbia, msitie sahihi kupokea kitu kisichoingia kwenye mashine, eti kwa kuogopa kuitwa wasio na shukrani. Kusema "hiki hakifai" siyo kukosa adabu.

Wazee walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sawa, tupeni jembe. Lakini mpini uwe ule unaoingia.