Habari ya kikombe kibaya ifike shambani



Wengi wetu tunafikiri mambo ya mkahawa ni ya watu wa mji, na kazi yetu inaishia kwenye mizani ya depo. Mimi naona sivyo. Mkahawa mdogo wa pale Kavimvira, wenye watumishi watatu ao wanne wanaouzia wasafiri wa mpaka, njo mahali kazi yetu inahukumiwa. Shida ni kwamba hukumu ile haitufikii.

Tuchukue ladha ya kirayi kibichi, inayojulikana hapa Kivu, Rwanda na Burundi. Inahusishwa na kidudu antestia, kinachotoboa tunda likiwa bado kwenye mti. Mbegu ikisha kukauka inaweza kuonekana nzuri kabisa. Harufu inatoka wakati wa kusaga kahawa iliyokaangwa, na mbegu moja inatosha kuharibu kikombe. Kwa hiyo si sisi ma-agronome tunaoikamata, wala mpima kilo. Ni kijana anayesaga na dada anayepeleka vikombe mezani.

Lakini hao wawili mara nyingi wananyamaza. Juu ya nini? Juu patroni akisikia kikombe kimerudishwa, anakikata kwenye mshahara. Basi dada anaongeza sukari na kuomba Mungu. Anayesaga hajui kitu, anaendelea na mfuko uleule. Mteja hasemi, ila kesho harudi. Mwishowe koperative inaambiwa tu kahawa yenu haipendwi, bila kujua ni loti gani wala ya kilima gani.

Maoni yangu ni haya: mtumishi anayeleta habari mbaya asilipishwe. Najua patroni atasema, "Watakunywa bure, kisha wataniambia imeharibika." Dawa yake ni rahisi. Unga ulionuka uwekwe kwenye bakuli yenye kifuniko mpaka patroni aje anuse mwenyewe. Pua haidanganyiki na maneno. Tena wasage kidogo kidogo, ili harufu ikitoka wamwage kiasi kidogo, si kilo nzima.

Jambo la pili ni kaye moja na biki iliyofungwa kwa kamba, ikae karibu na mashine. Waandike tarehe, namba ya loti, mteja alisema nini, na walifanya nini. Watu wa asubuhi wakiachia wa jioni, wasimame dakika tano wasome pamoja: maji yamebaki kiasi gani, makala je, mfuko gani umefunguliwa, nani amelalamika.

Jambo la tatu linatuhusu sisi. Kaye hiyo isomwe kila mwezi kwenye mkutano wa kamati. Loti yenye malalamiko ikijulikana, tunajua ni shamba gani linahitaji kukatwa matawi ili mwanga uingie, na nani anapaswa kuchambua matunda vizuri zaidi na kuyatia ndani ya maji, yale yanayoelea yatolewe.

Lakini tukichanganya matunda ya vilima vyote ndani ya mfuko usio na alama, hata kaye nzuri haitatusaidia kitu. Tusimdai dada wa mkahawa aseme ukweli kama sisi wenyewe tunaficha kahawa imetoka wapi. Tuanze na alama kwenye mifuko, msimu huu.