Mcheza Kwao Hutunzwa: Uteuzi wa Oscar na Ukimya wa Uhakiki Wetu

Kila mwaka, orodha ya filamu zilizoteuliwa kuwania tuzo za Oscar inapotangazwa, hutokea jambo la ajabu katika idara zetu za fasihi. Filamu ambayo jana haikuwa na mhakiki hata mmoja huamka leo ikiwa na wahakiki tele. Tasnifu huanza kuandikwa. Na katika sura ya kwanza, mahali ambapo mtafiti hutakiwa kueleza sababu za kuichagua mada yake, tunaarifiwa kwamba filamu hiyo iliteuliwa, kana kwamba uteuzi wenyewe ni hoja. Makala haya yanaupinga mtindo huo. Dai langu ni kwamba uteuzi si uhakiki, na kwamba pale filamu inapozungumza Kiswahili, wengi wa wateuzi hao wana upungufu ambao sisi hatuna: hawaisikii, wanaisoma tu katika tafsiri iandikwayo chini ya picha. Mhakiki wa Kiswahili anayeungoja uamuzi wao kabla ya kufungua kinywa amekabidhi hukumu ya wimbo kwa mtu aliyeonyeshwa maneno yake tu.

Nieleweke mapema. Mimi ni mpenzi wa filamu, na orodha hizo nazifuata kwa hamu kama wafuatavyo wengine matokeo ya kandanda. Sizichukii filamu zinazoteuliwa, na baadhi yake nazienzi mno. Ninachokilalamikia ni uvivu wa kitaaluma unaojificha nyuma ya sanamu ya dhahabu.

Tuanze na neno lenyewe. Tuzo hutokana na kutuza, yaani kumpa mchezaji zawadi ngomani. Anayetuza yumo katika duara ya ngoma. Ameusikia mdundo, ameuona mguu ulipopatia na ulipokosea. Ndiyo maana wahenga wakasema kuwa mcheza kwao hutunzwa, au hutuzwa kama wengine wanavyoitamka methali hiyo. Zawadi yenyewe huweza kuwa sarafu tu au kitambaa. Thamani yake iko katika ujuzi wa anayeitoa. Sasa, Akademi inayotoa Oscar ni chama cha watu wa tasnia ya filamu, kilichoundwa Marekani mwaka 1927 na kutoa tuzo zake za kwanza mwaka 1929. Siku hizi kina wanachama kutoka mataifa mengi, lakini duara yake ya ngoma ingali Hollywood. Chama hicho kina haki ya kumtuza kimpendaye. Hakijatuomba tuzifanye kura zake kuwa nadharia ya fasihi. Tumejitwisha wenyewe.

Ili hoja isibaki hewani, nitatazama filamu tatu zinazoihusu Kenya ambazo Akademi iliziteua katika vipindi tofauti.

Ya kwanza ni Out of Africa ya Sydney Pollack, iliyotolewa mwaka 1985. Iliteuliwa katika vitengo 11 na kushinda 7 mwaka 1986, ikiwemo tuzo ya filamu bora. Kitabu cha Karen Blixen cha mwaka 1937, ambacho ni chimbuko mojawapo la filamu hiyo, kimekwisha kukosolewa vikali, hasa na Ngũgĩ wa Thiong'o, na sina haja ya kuyarudia hayo. Nataka kuashiria jambo dogo zaidi. Miongoni mwa tuzo hizo 7 imo tuzo ya sauti. Bila shaka waamuzi walikuwa na sababu zao za kiufundi: mvumo wa ndege, ngurumo za simba, muziki wa santuri porini. Lakini ni sauti ya nani iliyosikika? Farah, mhusika Msomali, aliigizwa na Malick Bowens, mwigizaji wa Mali. Na mazungumzo yote yenye uzito kati yake na bibi yake Mzungu ni ya Kiingereza, yakipambwa kwa neno "msabu". Kiswahili kimewekwa pembeni pamoja na mandhari. Ni lugha inayosikika bila kutarajiwa kueleweka. Wahusika Waafrika wana midomo, ila filamu haikuwapa usemi. Mhakiki anayeanza na takwimu ya tuzo 7 hawezi kuufikia utata huu, kwa sababu tuzo zenyewe zimekwisha kumwambia kwamba sauti ya filamu hii haina dosari.

Ya pili ni Nirgendwo in Afrika, filamu ya Kijerumani ya mwaka 2001 iliyoongozwa na Caroline Link kutokana na riwaya ya Stefanie Zweig. Ilishinda tuzo ya filamu bora ya lugha ya kigeni mwaka 2003. Inasimulia masaibu ya familia ya Kiyahudi iliyokimbilia Kenya mwaka 1938 kuwahepa Wanazi. Hapa Kiswahili kimepewa nafasi kubwa zaidi, na yafaa tukiri hivyo bila kinyongo. Regina, mtoto wa familia hiyo, anakimudu upesi. Na Owuor, mpishi aliyeigizwa kwa ustadi na Sidede Onyulo, ndiye mwalimu na mwandani wake. Hata hivyo, zipo tofauti ambazo tafsiri ya chini ya picha haiwezi kuzionyesha. Kiswahili si lugha ya mama ya yeyote kati ya wahusika hawa: Owuor ni Mluo, na waajiri wake ni Wajerumani. Aidha, katika mashamba ya walowezi kulizuka kile kiitwacho Kisetla, lahaja ya amri na utumishi ambamo upatanisho wa ngeli huvunjika na kitenzi hubaki katika kauli ya kuagiza. Swali la mhakiki basi ni hili: Owuor anapozungumza na Regina, je, anatumia Kiswahili kile kile anachokitumia kwa mama yake Regina? Ni wapi anajishusha na ni wapi anajinyoosha? Mtoto naye anajifunza lugha ya urafiki, au anarithi lugha ya bwana akiwa na lafudhi nzuri tu? Mtazamaji wa kigeni husoma sentensi moja iliyonyooka, ya Kiingereza au ya Kijerumani, na yote hayo humpita. Sisi hayatupiti. Ila sijui ni wangapi kati yetu wameketi wakayanakili mazungumzo hayo neno kwa neno na kuyachambua.

Ya tatu ni Watu Wote, filamu fupi ya Katja Benrath iliyotengenezwa mwaka 2017 kama kazi ya wanafunzi wa chuo cha Hamburg Media School na kuteuliwa katika kitengo cha filamu fupi mwaka 2018. Msingi wake ni tukio la Desemba 2015, basi liliposhambuliwa na magaidi karibu na Mandera, na abiria Waislamu wakakataa kutengwa na Wakristo waliosafiri nao. Inazungumza Kiswahili na Kisomali. Hebu tulitazame jina lake tu. Jina la Kiingereza linaloandamana nalo lina maana ya "sisi sote". Jina la Kiswahili halisemi hivyo. Linasema "watu wote", nafsi ya tatu, na kila mwanafunzi wa sarufi anajua kwamba kati ya "wote" na "sote" pana mpaka: mmoja humweka msemaji nje, mwingine humweka ndani. Katika tukio lenyewe, mpaka huo ndio uliokuwa suala la uhai na mauti. Washambuliaji walitaka kuwagawa abiria wawe "sisi" na "wao", abiria wakakataa.

Je, tofauti hiyo ya majina ni kasoro au ni kusudi? Nionavyo mimi, jina la Kiswahili ndilo lenye nguvu zaidi. Linamwacha mtazamaji nje ya basi, kwa umbali ule ule wa moyo alio nao Jua, abiria Mkristo ambaye hana raha miongoni mwa Waislamu mwanzoni mwa safari. Jina la Kiingereza linamketisha mtazamaji garini kabla hajalipa nauli. Mwenzangu anaweza kuupinga usomaji huu, na nitafurahi akiupinga. Muradi hapa pana mjadala wa kweli wa kifasihi, uliofunguliwa na kiambishi kimoja. Mjadala huo hauhitaji kibali cha Akademi, na Akademi isingeweza kuuanzisha.

Tukiacha filamu zenyewe tukatazama kanuni, mambo yanazidi kuwa bayana. Mwaka 2019 Akademi ilibadilisha jina la kitengo cha filamu ya lugha ya kigeni, kikawa kitengo cha filamu ya kimataifa. Mwaka huo huo ikaiondoa Lionheart ya Genevieve Nnaji, filamu ya kwanza kuwasilishwa na Nigeria, kwa kuwa sehemu kubwa ya mazungumzo yake ni ya Kiingereza, huku Kiigbo kikichukua takriban dakika 11 tu. Yaani Mwafrika atakiwa awe mgeni kwa kiwango kilichowekwa na mwingine: akizidisha Kiingereza, hana ugeni wa kutosha. Mtaniambia kwamba kanuni hiyo inazikinga lugha zetu. Huenda, kwa bahati. Lakini lugha inayotumiwa ili kukidhi kanuni ya mashindano huandikwa kwa ajili ya kutafsiriwa. Humea sentensi fupi zilizosawazishwa, zisizo na fumbo wala utani, zisizo na zile kauli za mtaani zilizoipa uhai Nairobi Half Life ya mwaka 2012, filamu ya kwanza Kenya kuiwasilisha katika kitengo hicho, ambayo haikuteuliwa.

Na kanuni hizo huingia hadi mahakamani. Rafiki ya Wanuri Kahiu ilipigwa marufuku nchini mwaka 2018. Septemba ya mwaka huo Mahakama Kuu iliisitisha marufuku kwa siku 7, muda ambao ungeiwezesha filamu kutimiza sharti la kuonyeshwa nchini mwake ili iwasilishwe kwa Oscar. Hatimaye iliyowasilishwa ilikuwa Supa Modo ya Likarion Wainaina. Mtu na awe na maoni yoyote kuhusu maudhui ya Rafiki. Hilo si suala langu hapa. Suala langu ni kwamba muda wa Mkenya kuitazama filamu ya Kenya ulilingana na kalenda ya mashindano ya Los Angeles. Uhakiki ulikuwa wapi? Ulikuwa ukisubiri, kama kawaida yake.

Najua jibu nitakalopewa. Wapo watakaosema kwamba huu ni ule wimbo wa sungura wa "sizitaki mbichi hizi": hadi naandika haya, filamu zilizowasilishwa na Kenya katika kitengo cha kimataifa hazijateuliwa, ndipo wanyonge wanaitukana tuzo. Watanikumbusha pia Parasite ya Bong Joon-ho, iliyozungumza Kikorea na kushinda tuzo ya filamu bora mwaka 2020, ya kwanza isiyo ya Kiingereza kufanya hivyo. Lugha basi si kizuizi, watasema.

Mfano huo naupokea kwa mikono miwili, kwa kuwa unaniunga mkono. Korea Kusini iliwasilisha filamu zake tangu miaka ya 1960, na Parasite ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuteuliwa katika kitengo hicho. Kwa zaidi ya nusu karne Wakorea hawakuteuliwa humo, wala hawakuacha kuzitazama filamu zao na kuzijadili. Mwaka 1993 Im Kwon-taek alitoa Seopyeonje, filamu kuhusu waimbaji wa pansori, sanaa ya jadi ya usimulizi kwa wimbo. Ikawa filamu ya kwanza ya Kikorea kuvuta watazamaji zaidi ya milioni moja jijini Seoul. Mchezaji alitunzwa kwao kwanza. Hollywood ilipofika, ngoma ilikuwa imekolea.

Kuhusu fedha na sifa zinazoletwa na uteuzi, sibishi. Mwongozaji maskini ana haki ya kuzitafuta. Mhakiki hana udhuru huo. Yeye hapati mgao wa mauzo. Kazi yake ni kusema kilicho kizuri na kwa nini, mapema iwezekanavyo, hata kama hakuna mwingine aliyekisema.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili yaliyo ndani ya uwezo wetu. Kwanza, tasnifu yoyote kuhusu filamu yenye Kiswahili iambatishwe unukuzi kamili wa mazungumzo kama yalivyotamkwa, si kama yalivyotafsiriwa, na mtahini aukague unukuzi huo kabla ya kusoma sura ya nadharia. Pili, uteuzi usikubaliwe kuwa sababu ya kuchagua mada. Mwanafunzi atakayeandika kwamba filamu yake iliteuliwa na aulizwe palepale: wewe uliisikia ikisema nini? Akikosa jibu, arudishwe akaitazame tena, na safari hii ayafunike maandishi ya chini ya picha.