Mangi Asivikwe Nguo za Kuazima

Barabara ya kupanda Old Moshi inaanzia Kiboriloni. Ukiiacha barabara kuu ya Himo hapo sokoni unapita Kikarara, unafika Tsuduni, na ukizidi kupanda unaingia Kidia. Tsuduni ndipo ulipo mti ambao wazee huwaonyesha wageni, wakisema ndio alionyongewa Mangi Meli, mtawala wa Old Moshi, tarehe 2 Machi 1900. Siku hiyo Wajerumani waliwanyonga watu 19, wakiwamo Molelia wa Kibosho na Ngalami wa Siha. Wengi wetu tulioko huku Ujerumani tunaipita njia hiyo kila Desemba, gari limejaa ndugu na mizigo, na watoto waliozaliwa ugenini wanauliza maswali ambayo hatuna picha ya kuwajibu.

Tahariri ya toleo hili ina ombi moja. Jumuiya yetu ichangie mavazi ya filamu fupi ya kuigizwa kuhusu Meli, na fedha ya mavazi itafutwe kabla ya fedha ya kitu kingine chochote.

Tunaanza na mavazi kwa sababu hayo ndiyo ambayo hakuna mwingine atakayeyalipia. Vijana wa Moshi wanaotengeneza filamu kwa nguvu zao wanazo kamera, na wasipokuwa nazo wanajua pa kuziazima. Mlima upo, migomba ipo, mifereji ya maji iliyochimbwa na babu zetu bado inatiririka, na waigizaji watajitolea kwa nauli na chakula. Mavazi ya mwaka 1892, mwaka ambao Meli aliwashinda Wajerumani, hayaazimwi popote. Ni lazima yatengenezwe moja moja, kwa mkono, na fundi alipwe. Bajeti ndogo inapobana, mavazi ndiyo hukatwa kwanza, na mtazamaji ndiye wa kwanza kuona pengo.

Matokeo yake tumeyaona sote kwenye maonyesho ya shule na kwenye harusi. Mangi anatoka amejifunga kitambaa cha dukani chenye madoadoa ya chui, begani ana shuka la Kimasai la miraba, miguuni katambuga zilizokatwa kwenye tairi la gari. Mwaka 1892 hapakuwa na gari hata moja Kilimanjaro. Mke wa Mangi naye anavalishwa khanga yenye jina, kama yuko Kariakoo. Mtoto anayetazama anajifunza kwamba babu zake hawakuwa na mavazi yao wenyewe, kwamba walivaa chochote tu. Huo ni uongo juu ya watu wasioweza tena kujitetea, na sisi tunaojiita wajukuu wao ndio tunaoulipia.

Kazi kuhusu Meli zimekwishafanyika, tena nzuri. Konradin Kunze na Sarita Lilly Mamseri waliandaa maonyesho ya Mangi Meli Remains, yaliyoonekana Berlin na Old Moshi, na ndani yake mna filamu fupi ya michoro. Mwaka 2024 Cece Mlay na Agnes Lisa Wegner walionyesha kwenye tamasha la Berlin filamu yao The Empty Grave, inayofuatilia familia za Songea na Meru zinazotafuta mabaki ya wazee wao. Kwa michoro, nguo huchorwa. Kwa filamu ya kumbukumbu, watu huvaa nguo zao. Kumvisha mwigizaji akasimama mbele ya kamera akawa Meli ni kazi ya namna nyingine kabisa. Kwamba Watanzania tunaiweza, Amil Shivji alikwishaonyesha kwa Vuta N'Kuvute, iliyotoka kwenye riwaya ya Adam Shafi na kuonyeshwa Toronto mwaka 2021. Zanzibar ya miaka ya 1950 unaiona katika kanzu, mabuibui na sare za polisi kabla mtu hajafungua kinywa. Ila filamu ile ilikuwa ndefu na nyuma yake palikuwa na wafadhili. Kijana wa Kiboriloni hana mfadhili. Ana sisi.

Je, walivaa nini? Mengi yanajulikana. Ngozi za mbuzi na za ng'ombe zilizolainishwa kwa mafuta, shanga, mikufu na bangili za chuma. Wapiganaji walivaa ngozi za mbega na manyoya, wakashika ngao za ngozi na mikuki yenye ubapa mrefu, iliyofuliwa na wahunzi wa mlimani kwa chuma kilichotoka Upare. Misafara ya pwani ilileta merikani na kaniki, na kufikia miaka ya 1880 mwenye uwezo alivaa kitambaa, si ngozi peke yake. Barazani kwa Rindi, baba yake Meli, wafanyabiashara wa Kiswahili walikuwa wageni wa kawaida, kwa hiyo kanzu na kilemba havikuwa vioja Old Moshi. Mwaka 1889 Rindi alituma wajumbe wake hadi Berlin kwa Kaizari, na vitabu vya wasafiri wa wakati ule vinasimulia kwamba miongoni mwa zawadi zilizorudi mlimani mlikuwa na joho na kofia ya chuma kutoka jumba la opera la Berlin. Hebu fikirini hapo. Mtawala wa Kichagga anapelekewa nguo za maigizo, naye anazipokea kwa heshima ya mfalme anayepokea zawadi ya mfalme mwenziwe. Filamu inayojua jambo hilo inaweza kumwonyesha Meli kijana akiitazama kofia ile ndani ya nyumba ya baba yake, na mtazamaji akaelewa mengi bila kuambiwa neno.

Kwa upande wa Wajerumani uangalifu ni uleule. Askari ambao afisa wa Kijerumani Wissmann aliwakusanya kuanzia mwaka 1889 walikuwa Wasudani waliotoka Misri na watu wa kusini waliotoka Msumbiji. Picha tulizozizoea sana ni za askari wa vita vya 1914, na sare za wakati huo si zile zilizopanda Old Moshi Juni 1892, pale jeshi la Meli lilipomshinda afisa wa Kijerumani von Bülow naye akapoteza maisha, wala zile za Agosti 1893, Gavana von Schele aliporudi na jeshi kubwa zaidi. Fundi akikosea hapo, historia nzima inasogea miaka 20 mbele.

Sasa turudi Kiboriloni, maana soko lile lina nafasi yake katika kazi hii. Mitumba ya Kiboriloni inajulikana Moshi nzima. Ukifika mapema belo linapofunguliwa, utapata makoti mazito ya sufu, suruali za kaki, mikanda ya ngozi na buti zilizotengenezwa Ulaya. Fundi mwenye jicho anaweza kumvisha afisa wa Kijerumani kuanzia kichwani hadi unyayoni kwa vitu vya meza tatu, akabadilisha vifungo, akashona kola upya, akafunika zipu iliyokuwa haijavumbuliwa. Kitambaa cheupe cha pamba kinaweza kuchemshwa kwa majani ya chai, kikasuguliwa majivu na udongo mwekundu wa mlimani, kikaanikwa juani mpaka kikafanana na merikani iliyotembea na msafara kutoka Pangani. Mafundi cherehani wa pale wanaweza kazi hiyo, wakipewa muda na malipo. Wala isisahaulike kwamba vazi la mtu anayepigana, anayeanguka matopeni au anayetokwa na damu linahitaji pacha wake, kwa sababu tukio moja hurudiwa mara nyingi na kila mara nguo lazima ianze ikiwa kama ilivyokuwa.

Upande wa Kichagga ndio mgumu, na ndio utakaokula fedha. Ngozi za mbuzi zinapatikana machinjioni, ila kuzilainisha kwa njia ya zamani ni ujuzi ambao wamebaki nao wazee wachache, na wazee hao wanapaswa kulipwa kama wataalamu, si kupewa soda. Ngozi za mbega na za chui tusizifikirie kabisa. Ni nyara za serikali chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na kuwa nazo bila kibali ni kosa. Ngozi ya mbuzi mwenye manyoya marefu meusi na meupe, ikichaguliwa vizuri na kuunganishwa na fundi, itatosha mbele ya kamera. Mikuki ifuliwe na wahunzi wa kule kwetu. Shanga zipangwe na akina mama wanaojua kusoma picha za zamani.

Hapo ndipo sisi wa ughaibuni tunapohitajika kwa kitu kingine zaidi ya euro. Vitu vyenyewe viko karibu na tunapoishi. Wamisheni wa Leipzig waliingia Kilimanjaro mwaka 1893, wakapiga picha nyingi, na sehemu ya picha hizo leo inaonekana kwenye intaneti katika hazina ya picha za kimisheni ya Chuo Kikuu cha Southern California. Nyingi ni za baada ya kifo cha Meli, na watu walipangwa wasimame jinsi mpiga picha alivyotaka, kwa hiyo zisomwe kwa tahadhari. Makumbusho ya Grassi huko Leipzig yana vitu vya Kilimanjaro. Kijana wa Kiboriloni akitaka kuviona ataanza na foleni ya viza. Sisi tunapanda treni asubuhi na jioni tumerudi. Tuandike barua, tuombe miadi, twende na futi ya fundi na daftari, tupime upana wa ngao, tuhesabu safu za shanga, tuchore jinsi ngozi ilivyokatwa begani, kisha tutume nyumbani. Nchi hii ilichukua mpaka vichwa vya watu wetu. Mwaka 2023 vipimo vya vinasaba hapa Berlin vililitambua fuvu la akida aliyekuwa mshauri wa Meli. La Meli mwenyewe, ambalo mjukuu wake Isaria Meli amelidai kwa miaka mingi, halikupatikana. Wakati madai hayo yakiendelea, vipimo vya vazi lake hatuna haja ya kusubiri serikali yoyote ituruhusu kuvichukua.

Kuhusu fedha, njia tunayo. Hakuna Mtanzania asiyejua kamati ya harusi inavyofanya kazi: mwenyekiti, katibu, mweka hazina, kadi ya mchango, ahadi, siku ya mwisho, na simu za kukumbushana zisizoisha. Kwa njia hiyo tunakusanya fedha za ukumbi, chakula, mbege na sare za kitenge zinazovaliwa jioni moja. Kamati ya namna hiyo iundwe kwa ajili ya mavazi haya. Kila kaya itoe bei ya sare moja ya harusi, na atakayeweza zaidi achukue mhusika mzima: huyu amvishe Meli, yule amvishe mama yake, wengine watatu wagawane askari. Mtu akijua fedha yake imekuwa ngao, hataacha kuuliza ngao imefika wapi.

Wapo wanaopendekeza majukwaa ya uchangishaji ya mtandaoni. Kickstarter haimpokei mtu anayeendesha mradi akiwa Tanzania, lakini mwenzetu mkazi wa Ujerumani anaweza kuufungua. Sharti lake ni kwamba lengo lisipofikiwa hupati hata senti, na likifikiwa jukwaa linachukua asilimia 5, mbali na gharama za malipo. Linaweza kutufaa kwa marafiki wasio Watanzania, baada ya sisi wenyewe kuonyesha tumetoa. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa nyumbani hutoa mikopo, lakini filamu fupi hailipi deni, na hatutaki kijana aanze maisha akidaiwa ngozi za mbuzi.

Mweka hazina asimtumie mtu mmoja fedha yote kwa mkupuo. Fundi alipwe kwa hatua: ya kitambaa na ngozi, ya kazi ikiwa nusu, ya mwisho vazi likiwa limevaliwa na kupigwa picha. Risiti na picha vichapishwe hapa jaridani. Na kabla senti ya kwanza haijatoka, tuone maombi ya kibali yaliyopelekwa Bodi ya Filamu, na tuone kwamba ukoo wa Meli umeshirikishwa na umeridhia.

Tunajua litakaloulizwa kikaoni, tena na watu wenye nia njema: kuna shule zisizo na madawati, kuna zahanati zisizo na dawa, nasi tunashona nguo za maigizo? Swali hilo lina haki ya kujibiwa. Madawati tumechangia na tutaendelea kuchangia. Fedha hii nayo haitapotelea hewani. Itaingia mikononi mwa fundi cherehani wa Kiboriloni, mhunzi, mzee wa ngozi na mama wa shanga, watu wanaosomesha watoto wao kwa kazi hizo. Na mavazi yenyewe hayatauzwa filamu ikiisha. Pendekezo letu ni kwamba yatunzwe Old Moshi, shule za huko ziyatumie kila tarehe 2 Machi, ili kile kitambaa cha madoadoa kistaafu.

Kikao cha mwezi ujao kitaanza na ajenda hii. Njoo na ahadi yako ikiwa imeandikwa. Kama unaishi Leipzig au karibu nayo na unaweza kutoa siku moja kwenda makumbusho na futi ya fundi, mpe katibu jina lako kabla ya kikao.