GUNIA LINA NAMBA, MTU HANA



Mimi ni karani wa mgodi. Tangu asubuhi mpaka jua kutua nakaa mbele ya mizani na daftari langu. Kila gunia la mawe linalopita mbele yangu hupimwa uzito, hupewa namba, na huandikiwa shimo lilikotoka na mahali linakokwenda. Gunia moja likipotea njiani, simu hulia, watu huitwa, na mimi huulizwa mpaka jasho linanitoka. Na ndivyo ipasavyo, maana mali ni mali.

Lakini siku moja nilifunga daftari nikajiuliza jambo ambalo tangu hapo halijaniacha. Je, mwananchi wa jimbo hili akisafiri, ni nani anayeandika jina lake? Akipotea njiani, ni simu gani inayolia?

Neno langu la leo ni juu ya reli yetu, na nitalisema wazi: reli inayofunguliwa kwa ajili ya mawe peke yake bado haijafunguliwa. Twataka treni ya abiria yenye siku yake, na stesheni zenye watu ndani yake.

Najua wako watakaonicheka. Watasema, "Wewe mtu wa Piana-Mwanga una haja gani na reli? Kwenu hakuna hata taruma moja." Ni kweli. Sisi twakaa kando ya mto Luvua, na kilicholifanya jina letu lijulikane ni kituo cha umeme wa maji kilichojengwa katika miaka ya 1930 ili kuendesha migodi ya bati ya Manono. Lakini mtu wa huku akitaka kufika Kalemie kutafuta daktari, au shule, au soko la ziwani, au akitaka kwenda Lubumbashi kwa ndugu zake, safari yake yote inategemea kama iko treni au haiko. Reli ndiyo uti wa mgongo wa jimbo la Tanganyika, na barabara zetu ni mbavu tu. Mgongo ukivunjika, mbavu zitashika nini?

Nitoe mfano wa nyumbani mwangu. Dada yangu ni mkulima wa karanga. Mwaka mmoja wakati wa masika alikusanya magunia yake, akayapakia katika lori kwenda Kalemie. Lori likazama katika matope. Wakalisukuma, likatoka, likazama tena mbele. Siku tisa walilala chini ya turubai lililotoboka. Alipofika sokoni, magunia ya chini yalikuwa yameota ukungu, na yale ya juu aliyauza kwa bei aliyotaka mnunuzi. Alirudi na pesa za nauli na kitenge kimoja. Sikumlaumu dereva, wala sikulaumu mvua, maana mvua ni ya Mungu. Nililaumu hesabu yetu sisi watu, ya kufikiri kwamba jiwe lina haraka na karanga hazina.

Sasa tuitazame reli yenyewe. Haikuanza jana. Kampuni ya Wabelgiji iliyoitwa CFL iliijenga kutoka Kabalo mpaka ziwani, kilomita 273, na ikafika Albertville, ambayo leo ni Kalemie, mwaka 1915 katika Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1956 Kabalo iliunganishwa na Kamina, na tangu hapo mtu aliweza kupanda ziwani akafika hata Lubumbashi kwa njia ya reli. Kabalo, Nyunzu, Niemba, Kalemie: majina haya yalikuwa kama shanga katika uzi mmoja.

Hatusemi haya kwa kuulilia ukoloni, la hasha! Mkoloni hakuijenga reli kwa kutupenda. Aliijenga kwa jasho la babu zetu ili achukue mali na kupeleka askari, na aliposafirisha watu aliwatenga kwa rangi zao, Mzungu kwenye behewa lake na Mwafrika kwenye lake. Lakini hata yeye alijua kwamba reli lazima iwe na stesheni, na stesheni lazima iwe na mtu, saa na tiketi. Uhuru tuliupata tarehe 30 Juni 1960. Je, tuliutaka ili tupate heshima pungufu ya ile? Babu alipanda behewa la daraja la mwisho akiwa mtawaliwa. Mjukuu wake aliye huru anapanda juu ya behewa la mizigo, akishika chuma kwa mikono miwili.

Ndugu, hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Wakubwa wakiambiwa habari za abiria husema kwamba reli imechakaa, vita vya 1998 hadi 2003 viliiharibu, na kwa hiyo treni za mizigo zitangulie, abiria watafuata siku nyingine. Husema hivyo kana kwamba abiria wamekaa nyumbani wakingoja. Hawakungoja! Wamo ndani ya treni hizo za mizigo tangu zamani. Mtu aliyefungiwa mlango hupita dirishani.

Ushahidi upo, na ni ushahidi wa makaburi. Tarehe 22 Aprili 2014, huko Katongola upande wa Kamina, treni ya mizigo iliyobeba watu iliacha njia, na zaidi ya watu 50 wakafa. Tarehe 12 Septemba 2019 ikawa zamu ya jimbo letu wenyewe, mahali paitwapo Mayibaridi. Siku hiyo Serikali ilitangaza kwanza kwamba wafu ni 50, kisha idadi ikashushwa. Tarehe 10 Machi 2022, huko Buyofwe katika jimbo la Lualaba, treni ya mizigo iliyokuwa na mamia ya watu waliodandia ilianguka katika mabonde. Watu 75 walikufa, na watoto walikuwamo.

Angalieni vizuri ile habari ya Mayibaridi. Kwa nini idadi ilipanda ikashuka? Kwa sababu hapakuwa na orodha. Hapakuwa na tiketi, wala karani aliyeandika kwamba fulani amepanda Nyunzu na atashuka Niemba. Kama yangalianguka magunia 50 ya madini, mwenzangu mmoja angalifungua daftari na kutaja namba za yote kabla ya jua kutua. Walioanguka ni watu, na nchi ikakisia.

Na baada ya kila msiba husikika neno lile lile: hao walipanda kwa siri, wamevunja sheria. Mimi sikubali wala kusifu kupanda kwa siri. Lakini nauliza kwa adabu: mama mwenye mtoto mgonjwa, asiyeona treni ya abiria mwezi huu wala hajui kama ataiona mwezi ujao, avunje sheria gani nyingine ili afike? Sheria isiyompa mtu njia ya kuitii haimfundishi chochote.

Kuna hoja moja ambayo ni lazima tuijibu kwa haki, maana Waswahili wamesema, mgala muue na haki yake umpe. Hoja yenyewe ni pesa. Wanasema abiria analipa kidogo, madini yanalipa sana, na shirika la taifa la reli, SNCC, halina mali ya kutupa. Mimi ni mtu wa hesabu, na nakubali: behewa la wakulima na wanafunzi halitaleta faida kama behewa la shaba. Lakini daraja la barabara lauza nini? Shule ya msingi yaleta faida gani mwisho wa mwezi? Faida ya treni ya abiria haiandikwi katika daftari la reli. Huandikwa katika gunia la karanga lililofika kavu, katika mgonjwa aliyefika angali hai, na katika mwalimu aliyekubali kufundisha Nyunzu kwa kuwa anajua siku ya kurudi kuwaona wazazi wake.

Tena tusidhani kwamba kufungua reli iliyolala ni ndoto. Tazameni jirani zetu. Tanzania, ng'ambo ya ziwa hili hili, treni ya abiria ya kaskazini ilikuwa imesimama kwa zaidi ya miaka 20, watu wakasahau mlio wake. Njia na madaraja vikatengenezwa, na Desemba 2019 abiria wakapanda tena kutoka Dar es Salaam mpaka Moshi, na mwaka 2020 wakafika Arusha. Kenya nao walifufua njia ya Nanyuki mwaka 2020. Wahandisi wa jeshi lao na vijana wa huduma ya taifa walitiwa katika kazi hiyo. Treni ya Nanyuki ilianza na safari moja tu kwa juma, Ijumaa kwenda na Jumapili kurudi. Mwaka uliofuata, mwezi wa Desemba, abiria wakaanza tena kwenda Kisumu. Hawakungoja mpaka kila kitu kiwe kipya. Walianza na kidogo chenye siku yake.

Ziko pia habari za upande wa magharibi. Angola, mwaka 2022, iliwapa kampuni za kigeni njia ya Lobito kwa miaka 30 ili zisafirishe madini. Lakini abiria hawakuuzwa pamoja na shaba. Usafiri wao ulibaki kwa shirika la nchi, CFB. Haya ndiyo yanayotuhusu sana sisi wa Tanganyika. Leo dunia nzima yaitamani lithiamu ya Manono kwa ajili ya betri za magari yao. Wenye haja hiyo watataka njia, na watazungumza habari za reli, za barabara na za bandari ya Kalemie. Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi mwenyeji asipotaja haja yake wakati mgeni anabisha hodi, atapona lini? Mkataba ukiisha kutiwa sahihi, kulia ni kazi bure.

Kwa hiyo naomba, na nawaomba ninyi mniunge mkono, mambo manne.

Kwanza, treni moja ya abiria kwa juma kati ya Kabalo na Kalemie, siku ile ile na saa ile ile, hata kama ni mabehewa mawili yaliyofungwa nyuma ya mizigo. Iende polepole pale njia ilipo dhaifu. Mkulima haombi mbio, aombalo ni kujua siku.

Pili, stesheni zifunguliwe kwa maana ya kweli. Kupaka chokaa ukuta si kufungua stesheni. Awepo mtu wa kuuza tiketi na kuandika majina, iwepo mizani ya magunia, maji ya kunywa, na bei ya nauli ibandikwe ukutani kwa Kiswahili, ili mnyonge asilipishwe mara mbili.

Tatu, njia itazamwe kabla ya kupitisha watu. Reli iliyolegea, taruma iliyooza na daraja lililochoka vitengenezwe, na vijana wetu wasio na kazi waandikwe kwa kazi hiyo na kulipwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi ukuta wenyewe tumekwisha kuujenga kwa mawe ya makaburi.

Nne, kila mkataba wa kusafirisha madini ya jimbo hili uwe na kifungu cha abiria, kinachosomwa mbele ya watu. Sehemu ya malipo ya mawe isaidie nauli ya watu. Mawe yametoka katika ardhi yao, si ajabu yakiwalipia kiti.

Haya hayatatoka mbinguni. Wabunge wa jimbo wako, waulizeni. Machifu wako, waelezeni. Ninyi wakulima wa Nyunzu na Niemba, hesabuni magunia yanayowaozea kila masika, mkaandike hesabu hiyo, maana mkubwa huweza kuyapuuza machozi, lakini tarakimu humsumbua. Nasi makarani tusione haya kuandika. Tulifundishwa kalamu na mapadri na masista kwa gharama ya wazazi wetu waliouza mihogo. Haitufai kalamu ile ijue uzito wa mawe tu.

Kesho asubuhi nitafungua daftari langu tena. Gunia la kwanza litapewa namba ya kwanza, na litafika linakokwenda kwa kuwa kuna mtu anayelingoja. Siku nitakapomwona dada yangu amesimama stesheni ya Nyunzu, tiketi mkononi, jina lake limeandikwa, magunia yake yamepimwa, hapo nitaamini kwamba reli ni yetu.

Wasalaam,

Karani wa Mgodi,
Piana-Mwanga