Mambo ya Nyumbani: Kompyuta Kuukuu na Intaneti Isiyo na Waya



Mwezi uliopita tulifika katika nyumba moja ya Wakristo huko Tarime, tukamkuta mwenye nyumba akimtoa ng'ombe zizini ampeleke mnadani. Tulipomwuliza sababu, alisema ya kuwa binti yake amemaliza kidato cha sita, naye ataka kuomba mkopo wa masomo ya juu, na maombi hayo hupelekwa kwa Bodi ya Mikopo kwa njia ya intaneti. Kompyuta waliyopewa na jamaa yao imekataa kuunganika, na siku za kuomba zimebaki tisa. Tukamwambia, "Mzee wetu, ngoja hata jioni."

Twawaandikia tuliyoyafanya, kwa maana twajua ya kuwa shida hiyo imo katika nyumba nyingi.

Kwanza, tulitazama ubavuni mwa kompyuta. Nyingi za zamani zina swichi ndogo ya kuzima na kuwasha mawimbi ya Wi-Fi. Hiyo ilikuwa imezimwa, wala hapana aliyeijua.

Pili, tuliiwasha, lakini haikuiona simu yetu iliyokuwa ikigawa intaneti. Simu za siku hizi hutoa mawimbi ya 2.4 GHz au ya 5 GHz, na kompyuta nyingi kuukuu husikia yale ya 2.4 tu. Tukayachagua hayo katika mipangilio ya simu, na ulinzi tukauweka WPA2, kwa kuwa WPA3 ni mpya mno kwake. Lakini msiache kuweka neno la siri. Mlango usio na komeo huwaalika wevi.

Tatu, iliunganika, lakini karibu kila ukurasa ulisema ya kuwa si salama. Hapo baba alikata tamaa. Kumbe, saa ya kompyuta ilionyesha mwaka 2009! Betri ndogo ya duara iitunzayo saa ilikuwa imekufa. Nazo kurasa zenye ulinzi zina vyeti vyenye tarehe. Tarehe ya kompyuta ikiwa ya uongo, vyeti vya kweli hukataliwa. Tuliandika tarehe ya siku ile, kurasa zikafunguka.

Kama kompyuta yenu haina kabisa kifaa cha Wi-Fi, iungeni na simu kwa waya wake wa USB, mkachague kugawa intaneti kwa njia hiyo. Au nunueni kifaa kidogo cha kuchomeka, ila mwulizeni muuzaji kwanza kama kitapatana na kompyuta yenu.

Tena twawaonya. Windows 7 iliacha kupata marekebisho ya ulinzi mwezi wa Januari 2020, na Windows 10 iliachwa katika utunzaji wa kawaida Oktoba 2025. Si vema kuandika siri zenu humo. Kwa hiyo kesho yake kijana mmoja wa kanisa aliweka Linux nyepesi, isiyolipiwa, ndipo binti akajaza maombi yake.

Wenzetu wa wilaya ya Serengeti wana jambo la kukumbuka. Katika miaka iliyofuata 2005, Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) na wataalamu wa chuo cha KTH cha Stockholm walijenga mtandao wa mawasiliano katika Serengeti na Bunda, ili shule, hospitali na ofisi ziunganike. Kazi hiyo ilihitaji mafundi wa papo hapo. Vivyo hivyo nyumbani: njia ikifika mlangoni, lazima awepo mtu wa kuifungua. Ninyi vijana mnaojua, wasaidieni jirani zenu pasipo kudai malipo.

Ng'ombe angali zizini. Jibu la Bodi bado halijafika. Twawaomba mmkumbuke binti yule katika sala. Nasi tumejifunza tusikihukumu kitu kuukuu kabla hatujakikagua sehemu kwa sehemu. Neema na iwe nanyi.