Msimu wa mpunga ni msimu wa matapeli wa simu

MSIMU wa kuuza mpunga unapofika, simu ya mnunuzi wa Kharumwa, wilayani Nyang'hwale, haitulii. Huyu anauliza bei, yule anauliza usafiri, na katikati yao unaingia ujumbe kutoka namba ngeni: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Aliyeutuma hamjui mnunuzi huyo, wala hajui kama kuna hela yoyote.

Hiyo ndiyo nguvu yake. Ujumbe husambazwa kwa namba nyingi kwa gharama ya kifurushi tu, na mtumaji anamhitaji mtu mmoja ambaye saa hiyo alikuwa amemwahidi mwenzake fedha. Penye mpunga, pamba na dhahabu ya wachimbaji wadogo, watu wa namna hiyo hawakosekani.

Tena biashara yenyewe imezoesha watu majina yasiyolingana. Mkulima aliyeuza magunia 10 hulipwa kwa laini ya mkewe, ya mtoto, au ya jirani ambaye simu yake ina chaji. Mnunuzi akiona jina geni hashtuki. Mwanya huo mtapeli hakuutengeneza, aliukuta.

Sheria ipo. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinakataza kusambaza ujumbe usioombwa kwa nia ya kutenda kosa. Adhabu yake ni faini isiyopungua Sh milioni 3, au mara tatu ya alichojipatia mkosaji kama ni kikubwa zaidi, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote viwili.

Usajili wa laini kwa alama za vidole, ulioanza Mei 2019, ulitarajiwa kumwondolea mtapeli maficho. Haukuyamaliza. Laini huweza kusajiliwa kwa kitambulisho cha mtu asiyejua lolote, aliyebonyeza kidole mara mbili kwa wakala akiambiwa mtandao unasumbua. Akipiga *106# ataona namba zilizosajiliwa kwa jina lake. Asiyoitambua aikatae mapema, maana polisi wakifuatilia, jina litakalotokea ni lake.

Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) hupokea ujumbe wa kitapeli kupitia namba 15040, kisha humtaka mtoa taarifa aitaje namba iliyoutuma. Wengi huufuta tu na kuendelea na shughuli. Ni kweli mtapeli ana laini nyingine mfukoni, lakini kila inayofungwa ni gharama kwake, na kazi yake inaishi kwa urahisi wa gharama.

Kinga iliyo karibu zaidi iko kwenye mzani. Namba ya kulipia na jina lake viandikwe kwenye daftari muuzaji akiwapo. Ikija namba nyingine baadaye, mnunuzi apige ile ya kwanza asikie sauti anayoifahamu. Kwenye makundi ya WhatsApp ya wafanyabiashara, msimamizi asimwingize mtu asiye na mdhamini ndani ya kundi. Matangazo ya mikopo ya haraka hupita mlango huo huo.

Fedha ikishatumwa kwa makosa, mtu apige 100 mara moja kuomba kampuni ya simu iizuie kabla haijatolewa. Ikishatolewa, linabaki suala la polisi, na mkulima aliyepima mpunga wake bado anadai.